Matajiri wa Norwe walipohamia Uswisi, ni nini hasa kiliondoka?

Septemba 2022, Kjell Inge Røkke, mwenye hisa nyingi kuliko wote katika kampuni ya Aker na mmoja wa matajiri wakubwa wa Norwe, aliwaandikia barua wanahisa wenzake. Aliwajulisha kwamba anahamia Lugano, mji wa kusini mwa Uswisi ulio kando ya ziwa, ambako watu huzungumza Kiitaliano. Røkke hakuzaliwa tajiri. Alianza ujanani kwenye meli za uvuvi, akaenda Marekani na kununua meli yake huko, kisha akarudi nyumbani na kuanza kununua kampuni moja baada ya nyingine. Ni mtu ambaye Mnorwe yeyote anamjua, awe anampenda au hampendi. Magazeti yalikadiria kwamba kuondoka kwake kungeikosesha nchi takriban krone (sarafu ya Norwe) milioni 175 za kodi kila mwaka.

Wengine walikuwa njiani pia. Gazeti la biashara la Dagens Næringsliv lilihesabu matajiri wakubwa zaidi ya 30 waliohama mwaka huo mmoja, idadi inayozidi jumla ya waliohama katika miaka 13 iliyotangulia. Miongoni mwao alikuwamo Bjørn Dæhlie, bingwa wa Olimpiki wa mbio za kuteleza kwenye theluji aliyegeukia biashara. Wengi walielekea Uswisi.

Tangu hapo Norwe imekuwa ushahidi unaotolewa kila mahali panapozungumzwa kuwatoza kodi wenye mali. Anayepinga kodi hiyo anasema: tazameni Norwe, waliipandisha, matajiri wakafunga virago, serikali ikabaki na hasara. Anayeiunga mkono anajibu kwamba watu 30 na ushei si kitu katika nchi ya watu milioni tano na nusu. Nadhani wote wawili wanaruka jambo kubwa zaidi katika kisa hiki, nalo linaonekana ukikaa na kalamu ukapiga hesabu za mtu mmoja tu. Kodi iliyopandishwa ilikuwa sababu, lakini tuzo kubwa ya kuhama ilikuwa kwingine, kwenye kifungu cha sheria ambacho nje ya Norwe hakuna aliyekisikia.

Kodi yenyewe

Norwe imekuwa ikitoza kodi ya utajiri tangu 1892. Kodi hii haihusu mshahara wala faida ya mwaka, inahusu ulichonacho. Mwaka ukiisha, mamlaka ya kodi inajumlisha nyumba, akiba ya benki, hisa na mali nyingine, inatoa madeni, na kinachobaki kikivuka kiwango fulani kinatozwa asilimia ndogo. Mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa krone milioni 1.7 kwa mtu mmoja, na mara mbili yake kwa mke na mume. Sehemu ya fedha inakwenda kwenye halmashauri unakoishi, sehemu inakwenda serikali kuu.

Nyumba unayoishi mwenyewe huhesabiwa kwa robo tu ya bei ya soko, isipokuwa zile za bei kubwa sana. Mtu mwenye nyumba ya krone milioni 6 mjini Oslo anaandikiwa milioni 1.5, na akiwa na mkopo wa benki wa milioni 3, mkopo wote unatolewa. Kwa hiyo dereva wa basi, muuguzi au mwalimu, na hapo nawahesabu Wakongo na Warundi waliojijenga Norwe na kununua nyumba kwa mkopo, akifungua fomu ya kodi inayomfikia ikiwa imeshajazwa, kwenye mstari huo kwa kawaida anakuta sifuri.

Mwenye kampuni kubwa anakuta kitu kingine. Tuseme ana hisa za krone bilioni 1 katika kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Oslo. Mwaka 2021 hisa zilihesabiwa kwa asilimia 55 ya thamani yake, na kodi ilikuwa asilimia 0.85. Alidaiwa kiasi cha krone milioni 4.7. Oktoba mwaka huo ikaingia serikali ya Waziri Mkuu Jonas Gahr Støre, ikiundwa na chama cha wafanyakazi, Arbeiderpartiet, na chama cha Senterpartiet, Trygve Slagsvold Vedum akiwa Waziri wa Fedha. Mwaka 2022 hisa zilihesabiwa kwa asilimia 75, na mali inayozidi krone milioni 20 ikawekewa kiwango kipya cha asilimia 1.1. Mtu wetu sasa anadaiwa milioni 8.25, na hisa zake hazijapanda hata krone moja.

Hela hiyo anaitoa wapi? Mali yake ni karatasi za hisa, kwa hiyo kwa kawaida anaiambia kampuni imlipe gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wenye hisa. Gawio nalo linakatwa kodi, na kodi hiyo pia ilipanda: kutoka asilimia 31.68 hadi 35.2 mwanzoni mwa 2022, kisha 37.84 kuanzia Oktoba 2022. Ili abaki na milioni 8.25 za kulipa kodi ya utajiri mwaka 2022, ilimbidi achukue gawio la karibu milioni 12.7. Mwaka mmoja kabla, milioni 6.8 zingetosha. Mzigo wake ulikaribia mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2023 hisa zikaanza kuhesabiwa kwa asilimia 80, mzigo ukaongezeka tena. Na juu ya hayo, tarehe 28 Septemba 2022 serikali ilitangaza kodi mpya ya wafugaji wakubwa wa samaki aina ya salmoni, ikianza na pendekezo la asilimia 40 kabla ya kushuka hadi 25 bungeni. Katika pwani ya magharibi, ambako familia nyingi tajiri zimetajirikia kwenye salmoni, hayo yote yalifika kwa pamoja.

Malalamiko ya wamiliki yana uzito, na sipendi yanavyopuuzwa kana kwamba ni kilio cha wenye shibe. Kodi hii inamfuata mmiliki anayeishi Norwe. Kampuni mbili zinazofanana, zikishindana katika mji mmoja, moja ya Mnorwe na nyingine ya Mswidi anayeishi Stockholm, haziko sawa: ya kwanza inatoa gawio kila mwaka ili mwenyewe alipe kodi yake binafsi, hata mwaka ambao kampuni imepata hasara, ya pili haina haja hiyo.

Lakini kuna upande wa pili ambao wamiliki hawautangulizi. Mwenye mshahara anakatwa kodi kabla hela haijamfikia mfukoni. Mwenye kampuni analipa kodi ya kampuni ya asilimia 22, kisha gawio linaweza kwenda kwenye kampuni yake nyingine inayoshikilia hisa, karibu bila kukatwa kitu, na likakaa humo miaka na miaka. Kodi binafsi inamngoja mpaka atakapolitoa kwa matumizi yake. Norwe pia ilifuta kodi ya urithi mwaka 2014. Ukiondoa kodi ya utajiri, tajiri mkubwa asiyetaka kutoa gawio anaweza kukaa miaka mingi akilipa kodi binafsi ndogo mno kulinganisha na mali yake. Hii ndiyo sababu kodi hii, pamoja na kasoro zake, imedumu zaidi ya miaka 130.

Kifungu cha miaka mitano

Sasa twende kwenye jambo ambalo mjadala wa kimataifa umelikosa.

Mtu wetu wa bilioni 1 aliijenga kampuni kutoka karibu na sifuri. Bilioni yote, karibu, ni ongezeko la thamani ambalo halijawahi kutozwa kwake binafsi. Akiuza akiwa Norwe mwanzoni mwa 2022, anadaiwa asilimia 35.2 ya faida hiyo, yaani krone milioni 352. Akihama, sheria ilisema kodi hiyo inahesabiwa siku anapoondoka. Lakini ilimruhusu kuiahirisha, na akikaa nje miaka mitano bila kuuza, deni lilifutwa lote. Na Uswisi haitozi kodi mtu binafsi anayeuza hisa zake kwa faida.

Gawanya milioni 352 kwa milioni 8.25 za kodi ya utajiri ya mwaka. Unapata karibu miaka 43. Mlango wa kutokea ulikuwa na thamani sawa na kodi ya utajiri ya miaka 43, na hiyo ni kabla ya kuhesabu magawio yaliyokuwa yamelundikana kwenye kampuni ya kushikilia hisa, ambayo nayo yalipata nafuu kwa mpango huohuo.

Mlango huo ulikuwepo kabla ya 2022, na wachache waliutumia. Mwaka 2022 ulileta mambo mawili kwa wakati mmoja: kukaa ndani kukawa ghali zaidi, na ikawa wazi kwamba serikali inayopandisha kodi kila bajeti haiwezi kuuacha mlango wazi kwa muda mrefu. Aliyekuwa amepanga kuondoka siku moja, au kumrithisha mtoto na kumpeleka nje, alikuwa na kila sababu ya kuondoka sasa. Kwangu hili linaeleza msongamano wa mwaka ule vizuri kuliko viwango peke yake, kwa sababu tofauti kati ya asilimia 0.85 na 1.1 haiwezi kumhamisha mtu aliyezoea kwao kwa kishindo namna hiyo; milioni 352 zinaweza.

Tarehe 29 Novemba 2022 serikali ilifuta kifungu cha miaka mitano, na amri ikaanza siku ileile. Kodi ya anayehama ikawa haifutiki tena, ingawa bado angeweza kukaa nayo bila kulipa mpaka auze, na ambaye hauzi kamwe halipi. Tarehe 20 Machi 2024 likazibwa na hilo. Anayehama kuanzia siku hiyo akiwa na ongezeko la thamani kubwa ana chaguo tatu: alipe papo hapo, alipe kwa awamu katika miaka 12 bila riba, au asubiri mwaka wa 12 alipe yote pamoja na riba. Faida ya hadi krone milioni 3 ilisamehewa, ili mtu wa kawaida mwenye hisa chache anayekwenda kufanya kazi nje asiguswe.

Kuhama kwenyewe pia si kubadilisha anwani tu. Kwa sheria ya Norwe, aliyeishi nchini miaka 10 au zaidi hahesabiwi kuwa ameondoka kikodi mpaka ipite miaka mitatu ambayo katika kila mmoja hajakaa nchini zaidi ya siku 61. Yeye, mwenzi wake na watoto wao wadogo hawatakiwi kuwa na nyumba ya kuishi Norwe. Mkataba wa kodi na nchi aliyohamia unaweza kumfungua mapema, lakini kwa vyovyote maisha lazima yahame kweli: shule ya watoto, kazi ya mke au mume, Krismasi, msiba wa shangazi, mechi za mtoto za Jumamosi. Matajiri wengi wa Norwe wana kampuni katika mji waliozaliwa, na wake, waume na watoto wenye maisha yao hapo. Kwa kila jina lililoandikwa gazetini kwamba limehama, yako majina mengi ya wenye mali kama hiyo yaliyobaki, ingawa kubaki hakuandikwi.

Hasara ya dola milioni 594

Kuna hesabu moja imezunguka sana mitandaoni, na inarudiwa na watu makini kabisa. Inasema: Norwe ilitarajia kuongeza mapato kwa dola milioni 146 kwa mwaka, badala yake wakaondoka watu wenye mali ya dola bilioni 54, nchi ikapoteza dola milioni 594 za kodi ya utajiri kila mwaka. Kwa hiyo hasara halisi ni milioni 448.

Chukua bilioni 54, uzitoze asilimia 1.1. Jibu ni milioni 594 kamili. Aliyeitengeneza namba hii hakuhesabu kodi iliyopotea. Alichukua mali aliyoikadiria na kuitoza kiwango cha juu kabisa. Ukirudisha punguzo la hisa la 2022 peke yake, milioni 594 zinashuka hadi kama 445. Kisha kuna hisa za kampuni zisizouzwa sokoni, ambazo Norwe huzihesabu kwa thamani ya vitabu vya kodi, mara nyingi chini kabisa ya bei ambayo mnunuzi angelipa. Kuna madeni. Kuna majengo yaliyobaki Norwe, ambayo mwenyewe anaendelea kuyalipia kodi ya utajiri hata akiwa Lugano. Orodha za magazeti za matajiri hupima mali kwa bei ya soko. Fomu ya kodi haipimi hivyo. Asiyetofautisha vitu hivyo viwili atapata namba yoyote anayoitaka.

Na mapato yenyewe? Yalipanda 2022, na miaka ya karibuni kodi hii imekuwa ikiingiza karibu krone bilioni 30 kwa mwaka. Serikali haikubaki na hasara. Ila nisimpe ushindi wa bure anayeiunga mkono kodi: mapato yalipanda kwa sababu viwango vilipanda, mapunguzo yalipungua, na bei za hisa na nyumba zilikuwa juu. Swali la haki ni yangekuwa kiasi gani kama hakuna aliyehama, na jibu ni kwamba yangekuwa zaidi. Kilichopotea pia si kodi ya utajiri peke yake. Aliyeondoka chini ya kifungu cha zamani ameondoka na zile asilimia 35 za faida yake, na hapo ndipo pengo lenye maumivu lilipo.

Norwe inaweza kuyajadili haya kwa majina kwa sababu mapato, mali na kodi ya kila mtu, kama inavyotoka kwenye fomu yake, ni taarifa ya wazi. Unaingia kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi kwa utambulisho wako, unaandika jina, unaona. Tangu 2014 unayemtafuta anaweza kuona kwamba ni wewe uliyemtafuta, na upekuzi wa majirani umepungua sana, lakini magazeti yanaendelea kuchapisha orodha kila mwaka. Bila uwazi huo tusingejua ni nani ameondoka wala alikuwa analipa nini. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki hoja ya kwamba matajiri watakimbia hutolewa mbele ya daftari lililofungwa, na anayeitoa hadaiwi ushahidi.

Walichokwenda nacho

Meli za Aker hazikwenda Lugano. Mabwawa ya salmoni yamefungwa kwenye maji ya fiyodi za Norwe, zile ghuba nyembamba za bahari, na hayana pengine pa kuwekwa. Viwanda, wafanyakazi, kodi ya kampuni ya asilimia 22, kodi za mishahara, vyote vilibaki. Aliyehama ni mmiliki, na mmiliki wa kampuni kubwa anaweza kuishi saa mbili za ndege kutoka ofisini na kazi ikaendelea. Hili lina pande mbili. Linatuliza hofu kwamba uchumi unabebwa kwenye sanduku. Lakini pia linaonyesha kwa nini kuhama ni rahisi kwa watu hawa kuliko kwa daktari au mwenye duka: kipato chao hakitegemei mahali walipolala.

Wachumi Katrine Jakobsen, Henrik Kleven, Jonas Kolsrud, Camille Landais na Mathilde Muñoz walichambua kumbukumbu za kodi za Uswidi na Denmaki, nchi mbili zilizokuwa na kodi hii na kuifuta, Denmaki mwaka 1997 na Uswidi 2007. Walikuta kwamba kuipandisha kodi ya utajiri kwa matajiri wa juu kwa pointi moja ya asilimia, mfano kutoka 1 hadi 2, kunapunguza idadi yao nchini kwa kama asilimia 2 katika muda mrefu. Watu wanahama, ndiyo. Wanahama wachache, na athari kwa uchumi mzima waliikuta kuwa ndogo.

Ndani ya nchi moja picha inabadilika. Uhispania iliporudisha kodi ya utajiri 2011 na kuiachia mikoa ipange viwango, Madrid ikaweka sifuri. David Agrawal, Dirk Foremny na Clara Martínez-Toledano walikuta kwamba baada ya miaka mitano idadi ya matajiri wanaojiandikisha Madrid ilikuwa imepanda kwa kiasi cha asilimia 10 kulinganisha na mikoa mingine. Kwenda Madrid kutoka Barcelona hakubadilishi nchi wala pasipoti, na mara nyingi mtu anabadilisha karatasi tu.

Kisa cha Uswidi kina funzo ambalo wastani wa takwimu unalificha. Ingvar Kamprad, mwanzilishi wa kampuni ya samani ya IKEA, aliondoka Uswidi 1973 akakaa Denmaki kisha Uswisi. Kodi ya utajiri ilifutwa 2007. Alirudi 2014, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 85, na akafia kwao 2018. Mji wa Älmhult, ilikoanzia IKEA, ulibaki na wabunifu na wahandisi wa kampuni, lakini umiliki na mpangilio wa juu wa kampuni vilikuwa vimehamishiwa Uholanzi na kwingineko, na havikurudi pamoja naye. Asilimia 2 ya idadi ni ndogo, lakini ikiwa ndani ya hiyo asilimia 2 yumo mtu mmoja wa namna hiyo, nchi inakosa kitu ambacho hakipo kwenye jedwali. Anayeitetea kodi ya utajiri akilikwepa hili, hatendi haki.

Wengi pia hawajui kwamba Uswisi nayo inatoza kodi ya utajiri. Kantoni zake zote 26, yaani majimbo yake, zinatoza, na kwa uwiano wa uchumi Uswisi inakusanya zaidi kuliko Norwe kutokana na kodi hiyo. Røkke mwenyewe alieleza katika barua yake kwamba Lugano si mahali pa bei ya chini wala penye kodi ndogo kuliko kwingine. Matajiri waliotoka Norwe walihama kutoka nchi yenye kodi ya utajiri kwenda nchi yenye kodi ya utajiri. Kwa hiyo jina la kodi halielezi kitu. Kinachoeleza ni kifurushi kizima: kiwango, namna mali inavyohesabiwa, kinachotozwa unapouza, na imani kwamba kanuni za mwaka huu ndizo za mwaka ujao. Hilo la mwisho Uswisi inaliuza vizuri sana, kwa sababu kodi zake zinapigiwa kura na wananchi na hazibadiliki kirahisi. Novemba 2025 pendekezo la kodi ya asilimia 50 kwa urithi mkubwa lilipigiwa kura nchi nzima na likakataliwa kwa wingi mkubwa. Norwe ilibadilisha viwango, mapunguzo, kodi ya gawio, kodi ya salmoni na kanuni za kuhama ndani ya miezi kama 12. Kama mngekuwa mnatafuta namna ya kuwafanya wenye mali wahisi kwamba lolote linaweza kuja kesho, msingepata ratiba bora. Hapo naiona serikali ya Støre ilikosea vibaya kuliko kwenye kiwango chenyewe: ilipandisha bei ya kukaa kwanza, ikakumbuka mlango miezi 11 baadaye.

Ningeanza na mlango. Kama faida imepatikana ukiwa Norwe, kwa barabara za Norwe, wafanyakazi waliosomeshwa bure na Norwe na maji ya fiyodi za Norwe, ni haki kodi ya faida hiyo ilipwe Norwe, hata mwenyewe akiamua kuishi kwenye ziwa la Lugano. Miaka 12 bila riba ni muda wa kutosha. Tatizo lipo kwa mwanzilishi kijana ambaye kampuni yake ina thamani kubwa kwenye karatasi leo na huenda ikafa kabla ya mwaka wa 12. Naye hufikiria kuifungulia kampuni nje tangu siku ya kwanza ili asije akanaswa. Waliosema hivyo Norwe 2024 hawakuwa wote watoto wa matajiri, na hoja yao haijajibiwa ipasavyo.

Kwa upande wetu wa dunia nalitazama hili kwa uchungu. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Tanzania Julai 2021, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, mama anayemtumia mwanawe nauli hakuwa na Lugano ya kuhamia. Alichoweza ni kurudi kwenye fedha taslimu, na wengi walirudi, mpaka tozo ikapunguzwa. Hofu kwamba mtu atakwepa haikuizuia tozo ile kupitishwa. Lakini likitajwa suala la kutoza majumba yanayopangishwa, viwanja vilivyoshikwa bila kuendelezwa na hisa zilizopanda bei, hofu hiyohiyo inatosha kufunga mazungumzo. Nyumba na kiwanja havihami.

Uchaguzi wa Septemba 2025 Norwe uligeuka kwa sehemu kubwa kuwa ugomvi juu ya kodi hii. Chama cha mrengo wa kulia cha Fremskrittspartiet kilitaka ifutwe kabisa, na kikapata kura nyingi kuliko wakati wowote katika historia yake. Arbeiderpartiet, Jens Stoltenberg akiwa amerudi kutoka NATO kushika Wizara ya Fedha, iliahidi kuibakiza, na kwa msaada wa vyama vingine vinne ikabaki madarakani. Kodi ipo, na mabishano yapo.

Mlango umefungwa kwa wanaohama leo tu. Walioondoka kabla ya tarehe 29 Novemba 2022 wanahesabiwa kwa kanuni ya zamani, na kwa wale wa 2022 miaka mitano inaanza kutimia 2027. Kuanzia hapo wanaweza kuuza hisa zao bila kudaiwa kodi ya faida na Norwe, na hakuna kitakachowazuia kurudi nyumbani baadaye. Wangapi watauza na wangapi watarudi ndicho kitakachotuonyesha kama walikuwa wakiikimbia kodi ya kila mwaka, au walikuwa wakisubiri ile kubwa ifutike.